Kwa nini Eagles walimpita Justin Jefferson

Usiku wa tarehe 23 Aprili 2020, Philadelphia Eagles walikuwa na chaguo la 21 katika raundi ya kwanza ya drafti ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Walikuwa wanahitaji mpokeaji, na kila anayefuatilia ligi alilijua hilo. Majina mawili yalikuwa bado yapo mezani: Jalen Reagor wa chuo cha TCU huko Texas, na Justin Jefferson wa LSU huko Louisiana. Wakamchukua Reagor. Minnesota Vikings, waliokuwa wanafuata kwa namba 22, wakamchukua Jefferson.

Msimu wa 2024 ulipoisha, Jefferson alikuwa na yadi 7,432 za pasi alizodaka, nyingi kuliko za mpokeaji yeyote katika misimu mitano ya kwanza tangu ligi ianze. Reagor alikuwa ameshavaa jezi za timu nne.

Kisa hiki kinasimuliwa sana kwa kuwacheka Eagles, na hapo ndipo faida yake inapopotea. Meneja wao mkuu, Howie Roseman, si mgeni wa kazi. Katika drafti hiyohiyo, siku iliyofuata, alimchukua Jalen Hurts kwa namba 53, kwotabeki, yaani mrusha pasi, aliyekuja kuwapa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa ligi, Februari 2025. Mtu wa namna hiyo akikosea, inafaa kumfuata hatua kwa hatua tuone alipitia wapi. Ninavyoona mimi, Eagles hawakukosa taarifa yoyote ya maana. Kilichopinda ni mizani. Mazingira ya chuo yalitumika kumtetea mchezaji mmoja na kumpunguzia sifa mwingine, kisha pengo la kikosi likaachiwa liamue nani ni bora.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu ni mgeni kwake, mambo mawili yatatosha. La kwanza ni drafti yenyewe. Kijana anayetoka chuoni hachagui timu na hakuna klabu inayoweza kumnunua kwa dau kubwa. Timu 32 zinapokezana kutaja majina, kwa kawaida zile zilizofanya vibaya msimu uliopita zikitangulia, na ukishamtaja mtu wa raundi ya kwanza unafungana naye mkataba wa miaka minne. Ukikosea, umepoteza miaka hiyo na umepoteza pia wale wote uliowapita.

La pili ni kazi ya mpokeaji. Huyu ndiye anayekimbia mbele kudaka pasi za kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Mpokeaji anaweza kusimama pembeni kabisa, karibu na mstari wa kiwanja, au akasimama ndani zaidi, sehemu inayoitwa sloti. Wa pembeni anakuwa ana kwa ana na beki anayeweza kumsukuma na kumzuia tangu mpira unapoanza, na mstari wa kiwanja unamnyima njia upande mmoja. Wa sloti kwa kawaida anasimama hatua moja nyuma, ana nafasi kushoto na kulia, na mara nyingi anakutana na beki msaidizi au mtu mzito asiyezoea kufukuzana naye. Ndiyo maana yadi za sloti huonekana rahisi kwa watathmini, na anayezipata huulizwa kama ataweza kuzipata akiwa pembeni.

Tufungue faili la Jefferson kwanza. Alizaliwa Juni 1999, kwa hiyo usiku wa drafti hakuwa ametimiza miaka 21. Kaka zake wawili walimtangulia LSU, mmoja wao, Jordan, akiwa kwotabeki. Justin mwenyewe alifika pale 2017 bila kelele, na msimu huo hakudaka hata pasi moja. Mwaka 2018 akadaka 54 kwa yadi 875 na tachidauni 6, yaani mara sita aliufikisha mpira kwenye eneo la goli la wapinzani. Mwaka 2019 LSU walibadilisha kabisa mfumo wao wa mashambulizi, kwotabeki wao Joe Burrow akarusha tachidauni 60, timu ikashinda mechi zote 15 na kuchukua ubingwa wa taifa. Jefferson alidaka pasi 111 kwa yadi 1,540 na tachidauni 18. Karibu zote alizidaka akitokea sloti, kwa sababu pembeni alikuwapo Ja'Marr Chase, ambaye mwaka huo alishinda tuzo ya Biletnikoff ya mpokeaji bora wa vyuo.

Faili la Reagor lina ladha nyingine. Baba yake, Montae Reagor, alicheza NFL kwenye safu ya ulinzi na aliwahi kuvaa jezi ya Eagles yenyewe. Jalen alikuwa na mlipuko wa mwili unaomfanya skauti aache kuandika na kuangalia tu: kwenye majaribio ambayo ligi huwafanyia vijana wa drafti huko Indianapolis aliruka juu inchi 42, sawa na sentimita 107 hivi, na akaruka mbele mita tatu na nusu. Mwaka 2018 alidaka 72 kwa yadi 1,061 na tachidauni 9, huku makwotabeki wakibadilishwa. Mwaka 2019 takwimu zikaporomoka hadi pasi 43, yadi 611 na tachidauni 5. TCU walimaliza wakiwa wameshinda mechi 5 na kupoteza 7, wakimtumia kwotabeki wa mwaka wa kwanza, na pasi nyingi alizorushiwa Reagor hazikuwa za kudakika.

Sasa angalia mizani ilivyofanya kazi. Kwa Reagor watu walisema: usimhukumu kwa takwimu za 2019, alikuwa na mrushaji dhaifu. Kwa Jefferson wakasema: usidanganyike na takwimu za 2019, alikuwa na mrushaji hatari, mwenzake hatari, na alisimama sloti. Kila hoja ikisimama peke yake ina mantiki, na mtathmini anayepuuza mazingira ya chuo hafai kazi hii. Tatizo ni kwamba hoja ya mazingira inaweza kumbeba mchezaji yeyote popote unapotaka afike. Anayependwa husamehewa udhaifu wa mazingira yake, asiyependwa hutozwa ubora wa mazingira yake. Ukiiruhusu hoja hiyo ifanye kazi peke yake, kinachoamua mwisho ni moyo wako ulimwangukia nani kabla hujaanza kuhesabu.

Dawa yake ni kutafuta msimu au mechi ambapo mazingira yalikuwa tofauti, uone mchezaji anabaki na nini. Na kwa Jefferson msimu huo ulikuwapo. Mwaka 2018 LSU walikuwa bado wanacheza ule mchezo wao wa zamani, wa kukimbia na mpira zaidi ya kurusha. Burrow ndiye alikuwa ametoka Ohio State, na alimaliza na tachidauni 16 za pasi, siyo 60. Ja'Marr Chase alikuwa mwanafunzi mpya aliyedaka pasi 23 tu. Jefferson alicheza sehemu kubwa ya msimu huo pembeni, dhidi ya mabeki wa SEC, kanda inayopeleka mabeki wengi NFL kila mwaka, naye ndiye aliyekuwa mpokeaji wa kwanza wa timu kwa mbali. Alikuwa na miaka 19.

Kwa maneno mengine, swali lililomwangusha, kama anaweza kucheza pembeni, lilikuwa limeshajibiwa kwenye picha za video za mechi za mwaka mmoja kabla. Jibu halikuwa na mng'aro: yadi 875 hazishtui mtu. Lakini ukiangalia zilivyopatikana, kwenye timu isiyopenda kurusha na bila mtu wa upande wa pili wa kumpunguzia mabeki, zina uzito kuliko nusu ya zile 1,540 za mwaka uliofuata. Hili ndilo kosa ninalolirudia nikizungumza na wapenzi wa mchezo huu: tunapenda kusoma msimu wa mwisho peke yake kwa sababu ndio uko karibu, wakati msimu wa pili kutoka mwisho mara nyingi ndio unaosema ukweli.

Upande wa Reagor, kipimo hichohicho kinatoa jibu la kuchanganya. Yadi zake 1,061 za 2018 katika timu yenye makwotabeki wa kubahatisha ni hoja halali, na mtu aliyemtetea kwa hizo hakuwa anaota. Lakini kuna kitu ambacho kwotabeki mbaya hawezi kukieleza, nacho ni mpira uliofika mikononi kisha ukadondoka. Udondoshaji ulitajwa kwenye ripoti nyingi za kumhusu, pamoja na uchache wa njia alizokuwa anakimbia: moja kwa moja kwenda mbele, pasi fupi za kumpa mpira akimbie nao, na kidogo sana katikati ya hayo. Hivyo viwili, mikono na njia, ni vya kwake mwenyewe popote atakapokwenda.

Halafu kuna kasi, ambayo ndiyo iliyomfikisha Reagor kwenye namba 21. Eagles walitoka kwenye msimu wa 2019 wenye maumivu makubwa. DeSean Jackson, mtu wao wa kasi, alicheza mechi tatu tu. Kwotabeki wao, Carson Wentz, alirusha yadi 4,039 bila kuwa na mpokeaji wa pembeni hata mmoja aliyefikisha yadi 500. Mabeki wa timu pinzani walikuwa wanasogea karibu na kujazana katikati kwa sababu hakuna aliyewatisha nyuma yao. Ukitaka kujua jinsi walivyotamani kasi, tazama walichokifanya baada ya Reagor: raundi ya tano wakamchukua John Hightower, raundi ya sita Quez Watkins, wote watu wa mbio, na katikati ya drafti wakafanya biashara na San Francisco kumleta Marquise Goodwin, aliyewahi kuruka masafa kwenye Olimpiki. Nafasi za katikati walikuwa nazo tayari, wakiwa na Zach Ertz na Greg Ward. Kwa macho hayo, Jefferson alionekana kama mtu wa sloti anayekuja mahali penye watu.

Hapa pana kitu ninachoona ni kitovu cha kisa kizima. Indianapolis, kwenye mbio za yadi 40, saa rasmi ilimwandikia Jefferson sekunde 4.43. Ilimwandikia Reagor 4.47. Timu iliyokuwa inatafuta kasi ilimpita mtu aliyekimbia haraka zaidi na kumchukua aliyekimbia polepole zaidi, kwa sababu ya kasi. Watetezi wa Reagor walikuwa na maelezo: alikuwa ameongeza uzito hadi kilo 93, na kwenye picha za mechi alionekana wa haraka kuliko saa ilivyosema. Nayakubali maelezo hayo. Tofauti ya sehemu nne za mia za sekunde ni ndogo na haipaswi kumpandisha wala kumshusha mtu. Ila haki ileile ilimstahili Jefferson. Alikuwa na sifa ya kutokuwa na mbio, akaenda akaivunja mbele ya saa ya ligi, na bado sifa ikamfuata hadi usiku wa drafti. Kipimo kikithibitisha tulichokiamini tunakiita ushahidi, kikipinga tunakitafutia sababu.

Na kasi ya mpokeaji si ya mstari ulionyooka peke yake. Mtazame Jefferson akikimbia njia ya yadi kumi na mbili au kumi na tano inayokata kuelekea katikati. Mwanzoni anakimbia kama anayekwenda mbali, mabega yameinama mbele, macho yanatazama nyuma ya beki. Beki analazimika kugeuza nyonga akimbie naye. Mara tu nyonga inapogeuka, Jefferson anakata upande ambao beki ameupa mgongo, na hapunguzi mwendo kwanza kama wengi wanavyofanya. Zile hatua fupi fupi za kufunga breki, ambazo beki mzoefu anazisubiri, kwake huzioni. Mpira ukiwa hewani, mikono yake inabaki chini hadi dakika ya mwisho, kwa hiyo beki aliyempa mgongo kwotabeki, anayesoma tu mikono ya mpokeaji, hana cha kusoma. Haya yote yalikuwa kwenye picha za LSU. Hayahitaji saa, yanahitaji mtu akae chini aangalie pasi ambazo Jefferson hakurushiwa, kwa sababu hapo ndipo unapoona kama alikuwa ameachana na beki au alisaidiwa na mfumo.

Mechi ya Peach Bowl ya tarehe 28 Desemba 2019 dhidi ya Oklahoma ni mfano mzuri wa jinsi mchezo mmoja mkubwa unavyoweza kumchafulia mtu ripoti badala ya kumsaidia. Jefferson alidaka pasi 14, yadi 227, tachidauni nne, zote nne kabla ya mapumziko. LSU walishinda 63 kwa 28. Ilikuwa rahisi kusema ulinzi wa Oklahoma ulikuwa mbovu, na kweli ulikuwa mbovu. Lakini ulinzi mbovu unawasaidia wote. Ungeuliza kwa nini, kati ya wapokeaji wote wa kikosi kilichojaa vipaji, Burrow aliendelea kumtafuta yeye.

Usiku uleule wa drafti kuna timu iliyochagua kwa njia nyingine, nayo ni mahasimu wa Eagles wenyewe. Dallas Cowboys, kwa namba 17, walikuwa na Amari Cooper na Michael Gallup, wapokeaji wawili waliotoka kupita yadi elfu moja kila mmoja. Hawakuwa na pengo hapo, na ulinzi wao ulikuwa unalia. Alipobaki CeeDee Lamb wa Oklahoma, wakamchukua hata hivyo, kwa sababu ndiye aliyekuwa mchezaji bora aliyesalia kwenye orodha yao. Miaka mitatu baadaye, Cooper ameshaondoka, Lamb alidaka pasi 135 kwa yadi 1,749. Pengo la kikosi hubadilika kila mwaka: mtu anaumia, mkataba unaisha, kocha anafukuzwa. Mchezaji unabaki naye. Ukimchagua ili azibe shimo la leo, mara nyingi shimo linahama kabla hajajifunza kazi. Doug Pederson, kocha ambaye mfumo wake ulimhitaji Reagor, alifukuzwa Januari 2021, msimu mmoja tu baadaye, na Wentz akauzwa mwaka huohuo.

Vikings nao walikuwa na pengo lao, na kuwasifu kana kwamba waliona kila kitu ni kutia chumvi. Mwezi Machi walimpeleka Stefon Diggs Buffalo, na namba 22 ilitoka kwenye biashara hiyohiyo. Walihitaji mtu wa kucheza pamoja na Adam Thielen, na walipompata Jefferson hawakumwanzisha mara moja. Mechi mbili za mwanzo alidaka pasi tano kwa jumla. Mwaka huo wa korona haukuwa na mechi za maandalizi, na siku za wazi za vyuo, ambako skauti huwaona vijana kwa karibu mara ya mwisho, nyingi zilifutwa. Kila timu ilifanya uamuzi ikiwa nyumbani mbele ya kompyuta. Hilo linawapunguzia Eagles lawama kidogo, ingawa ugumu ulikuwa wa wote, na lilipaswa kuwarudisha watu kwenye picha za mechi, ambazo korona haikuzigusa.

Wiki ya tatu Jefferson akaanza dhidi ya Tennessee Titans: pasi 7, yadi 175, tachidauni moja. Kutoka hapo hakukaa benchi tena. Alimaliza mwaka wake wa kwanza na yadi 1,400, akiivuka rekodi ya Anquan Boldin ya 1,377 kwa mchezaji mpya katika zama za Super Bowl. Mwaka uliofuata rekodi ikachukuliwa na Ja'Marr Chase, yuleyule aliyekuwa mwenzake pale LSU. Mwaka 2022 Jefferson alidaka 128 kwa yadi 1,809 na kuchaguliwa mshambuliaji bora wa ligi.

Ukitaka tukio moja la kuonyesha mikono yake, ni Buffalo, Novemba 2022. Vikings wako nyuma, wako kwenye jaribio la nne, la mwisho kabla ya kupoteza mpira, wanahitaji yadi 18, na dakika zinaisha. Kirk Cousins anarusha mpira juu tu. Beki Cam Lewis anaruka na mikono yake miwili inaufikia. Jefferson, anayeanguka kinyumenyume, anaushika kwa mkono mmoja, anaung'oa kutoka kwenye mikono ya Lewis na kutua nao. Yadi 32. Vikings walishinda 33 kwa 30 katika muda wa nyongeza. Hakuna jaribio la Indianapolis linalopima kitu hicho.

Kwa Reagor, tukio la kulinganisha ni la Novemba 2021 dhidi ya New York Giants. Eagles wako nyuma 13 kwa 7, dakika ya mwisho, wanasukuma mbele. Hurts anamrushia Reagor pasi mbili karibu na mstari wa goli, zote zinaweza kudakika, zote zinamponyoka. Mechi ikaishia hapo. Msimu wake wa kwanza aliumia dole gumba na kumaliza na yadi 396, wa pili akashuka hadi 299. Alikuwa na siku zake nzuri; mpira wa kupigwa kwa mguu aliourudisha yadi 73 hadi tachidauni dhidi ya Green Bay ulionyesha mlipuko uleule ambao skauti waliupenda. Akiwa na mpira mkononi na uwanja mbele yake, alikuwa kila kitu walichosema. Shida ilikuwa kufika kwenye hali hiyo, kumpita beki na kuudaka kwanza. Kijana huyu hakujichagua mwenyewe kwa namba 21, na kelele alizopigiwa na mashabiki wa Philadelphia kwa miaka miwili zilimlipisha uamuzi wa watu wengine. Agosti 2022 Eagles walimuuza, na aliyemnunua ni Minnesota, akaenda kukaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo na Jefferson.

Eagles walijifunza haraka, na hii ndiyo sehemu ya kisa isiyosimuliwa vya kutosha. Mwaka mmoja tu baadaye, 2021, walipanda kutoka namba 12 hadi 10, kwa kufanya biashara na Dallas, wamchukue DeVonta Smith wa Alabama. Smith alikuwa ameshinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, baada ya kudaka 117 kwa yadi 1,856 na tachidauni 23. Hoja ya kumpinga ilikuwa ya kipimo: alikuwa na kilo 75, wembamba ambao haujazoeleka kabisa kwa mpokeaji wa raundi ya kwanza. Safari hii walisoma ufundi, wakaona mtu anayeachana na mabeki bora wa vyuo wiki baada ya wiki, wakaiacha mizani ya chumba cha daktari iseme inavyotaka. Mwaka 2022 wakamnunua A.J. Brown kutoka Tennessee, aliyewapa yadi 1,496 msimu wa kwanza, rekodi ya klabu. Smith ndiye aliyedaka ile tachidauni ya yadi 46 waliyowazika nayo Kansas City kwenye Super Bowl ya Februari 2025.

Ligi kwa ujumla haikujifunza kwa kasi hiyo. Drafti ya 2023, wapokeaji wanne walichukuliwa mfululizo, kuanzia namba 20 hadi 23. Los Angeles Chargers, kwa namba 21, walimchukua Quentin Johnston, tena wa TCU, mwenye mwili mkubwa na mruko wa kutisha, na ripoti zake zikiwa zimeandika kwamba anadakia kifuani na anadondosha. Nyuma yake kwa namba 22 akatoka Zay Flowers wa Boston College, mfupi, fundi wa njia, aliyewapita Johnston kwa yadi katika misimu yote miwili ya kwanza. Na mbele yao, kwa namba 20, Seattle walikuwa wamemchukua Jaxon Smith-Njigba wa Ohio State, ambaye msimu wake wa mwisho chuoni aliumia na kudaka pasi tano tu. Aliyetaka kumjua ilibidi arudi nyuma hadi 2021, kwenye pasi 95 na yadi 1,606, akiwa uwanja mmoja na Garrett Wilson na Chris Olave waliochukuliwa raundi ya kwanza. Naye watu walisema ni wa sloti tu. Mwaka wake wa pili Seattle alidaka pasi 100.